Kufundisha kwa Kompyuta Moja Bila Intaneti: Mwongozo Kamili wa Kutumia Kolibri Darasani

Simu huwa inaingia kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, na maneno ni yaleyale: "Mwalimu, imegoma." Kompyuta inawaka, projekta inawaka, wanafunzi 80 wametulia wanasubiri, lakini ukurasa haufunguki. Dakika 10 za kipindi zinapotea, chaki inarudi mkononi, na kuanzia siku hiyo kompyuta inafungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu.

Nikifuatilia, karibu kila mara nakuta kosa halikufanyika darasani. Lilifanyika jana yake, au wiki 3 nyuma siku ya kusakinisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kabla ya kipindi.

Programu tutakayotumia inaitwa Kolibri. Ni ya bure, imetengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unaijaza video, mazoezi na vitabu, kisha simu na vishikwambi vilivyo karibu vinasoma kutoka kwenye kompyuta hiyo kupitia mtandao wa ndani. Bando linahitajika mara moja tu, siku ya kupakua.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta mpakato moja ambayo betri yake bado inashika chaji. RAM ya GB 4 inatosha. Acha nafasi ya wazi ya GB 50 au zaidi kwenye diski.
- Projekta, au televisheni ya shule, pamoja na waya wa HDMI. Kama kompyuta ni mpya na projekta ni ya zamani yenye tundu la VGA, nunua adapta mapema. Usisubiri kuiazima siku ya kipindi.
- Rauta yoyote ya WiFi, hata iliyokatiwa huduma. Ukikosa, simu yenye hotspoti itasaidia.
- Vishikwambi. Walimu wengi Tanzania wanavyo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Vitano au sita vinatosha kwa kazi ya vikundi.
- Eksitensheni ndefu, spika ndogo, na shuka jeupe lisilo na maua.
- Flashi au diski ya nje ya GB 64 au zaidi.
- Daftari la kawaida. Humo utaandika nenosiri, anwani ya seva (yaani ya kompyuta inayovihudumia vifaa vingine) na kila hitilafu iliyotokea.

Kabla ya kipindi cha kwanza hakikisha umeme wa LUKU upo. Nimeona mitambo mizuri ikizimika katikati ya somo kwa sababu uniti zilibaki mbili.

## Hatua ya 1: Anza na andalio la somo, kompyuta baadaye

Walimu wengi huanza kwa kupakua kila kitu, kisha wanakaa kutafuta pa kukitumia. Geuza. Fungua azimio la kazi, chagua mada moja ambayo wanafunzi wako hushindwa kila mwaka, na ujiulize ni wapi hasa wanakwama.

Chukua kulinganisha sehemu. Mwanafunzi anasema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4. Umechora duara ubaoni mara 3 na bado anarudia kosa. Hapo chombo kinachosogea kina kazi ya kufanya: mwanafunzi aone kitu kilekile kikikatwa vipande 4, kisha 8, na kila kipande kikipungua mbele ya macho yake.

Lakini kama mada ni tahajia, au kuimba jedwali la 7, ubao na sauti yako vinatosha. Usiwashe projekta kwa ajili ya kuonekana wa kisasa.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuandika kwa sentensi moja kile ambacho skrini itaonyesha na ubao hauwezi. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, badilisha mada.

## Hatua ya 2: Sakinisha Kolibri

Pakua programu kutoka tovuti ya Learning Equality. Kuna toleo la Windows, la Linux, la Mac na la Android. Ukiifungua kwa mara ya kwanza itakuuliza maswali machache, na hapa ndipo mti unapopindishwa ukiwa mchanga.

Lugha: chagua Kiswahili. Wanafunzi wa msingi hawatatafuta vitufe kwa Kiingereza, na walimu wenzako nao watapumua.

Aina ya matumizi: chagua ya kikundi au shule. Usichague ya mtu mmoja kujisomea. Anayechagua ya mtu mmoja hujikuta baadaye hana mahali pa kusajili madarasa, kisha anadhani programu imeharibika.

Wanafunzi kujisajili wenyewe: kataa. Ukiruhusu, utakuwa na majina 200 kwa wanafunzi 80, nusu yake ya wachezaji wa mpira.

Nenosiri kwa wanafunzi: ruhusu waingie bila nenosiri, hasa madarasa ya chini. Ukilazimisha nenosiri, robo ya kipindi itaishia kwenye kukumbushana.

Mwisho itakuomba utengeneze akaunti ya msimamizi mkuu. Andika jina na nenosiri kwenye daftari, na nakala nyingine iwekwe kwenye faili ofisini. Mwalimu akihamishwa na nenosiri likabaki kichwani mwake, anayebaki atahangaika sana kulirejesha.

Onyo: angalia tarehe na saa ya kompyuta kabla ya kuendelea. Kompyuta za zamani ambazo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila zinapozimwa. Somo litakwenda, lakini ripoti zako zitakuwa vurugu tupu.

Umefaulu ikiwa: umezima kompyuta kabisa, umeiwasha tena, na Kolibri imefunguka na kukubali nenosiri lako.

## Hatua ya 3: Ingiza maudhui, kwa kipimo

Kolibri ikishasakinishwa ni kabati tupu. Maudhui yamepangwa kwa chaneli. Ipo chaneli ya Khan Academy kwa Kiswahili yenye video na mazoezi ya hisabati, na ipo ya African Storybook yenye hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo.

Ingia kama msimamizi, nenda sehemu ya kusimamia kifaa, kisha chaneli, kisha kuingiza. Ukishachagua chaneli, usibonyeze kuchukua yote. Ifungue ndani, weka alama kwenye mada unazozihitaji muhula huu tu, na utazame ukubwa unaoandikwa kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Video ndizo zinazomaliza bando. Mazoezi na hadithi ni vyepesi.

Kabla ya kuanza kupakua, nenda kwenye mipangilio ya Windows na uutambulishe mtandao huo kuwa ni wa kulipia kwa kipimo. La sivyo Windows itaanza kujisasisha kwa bando lako, na asubuhi utakuta GB zimekwisha na chaneli imeishia nusu.

Kama shule jirani ina maudhui hayo tayari, usipakue hata kidogo. Waombe wahamishie kwenye flashi au diski kutoka ndani ya Kolibri yao, nawe uingize kutoka kwenye diski hiyo. Wakihamisha, programu hutengeneza folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Folda hiyo lazima ikae mwanzoni kabisa mwa diski. Wengi huiweka ndani ya folda nyingine ya "Masomo" ili kupanga vizuri, kisha Kolibri inasema haioni kitu. Itoe nje, ingiza tena, itaonekana.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: majaribio ya PhET (michoro ya hisabati na sayansi ambayo mwanafunzi anaisogeza mwenyewe), yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, yanaweza kupakuliwa moja moja kama faili la kawaida na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti wala Kolibri. Mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Lile la sehemu ndilo ninalotumia kwa somo la 1/4 na 1/8. Weka faili lake kwenye uso wa kompyuta kama akiba. Siku Kolibri ikigoma, hilo halitagoma.

Kisha tazama kila video hadi mwisho, mwenyewe. Maudhui haya hayakuandikwa kwa mtaala wetu, na istilahi zinaweza kutofautiana na za kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania. Neno likitofautiana, liandike kwenye andalio ili uwaambie wanafunzi mapema.

Umefaulu ikiwa: umezima data, umefungua video moja na zoezi moja, na vyote vimecheza.

## Hatua ya 4: Tengeneza mtandao wa darasani

Kama ni projekta peke yake, ruka hatua hii. Kama unataka vishikwambi viingie, soma taratibu, kwa sababu simu 9 kati ya 10 ninazopigiwa zinahusu hapa.

Kwa rauta. Iwashe, unganisha kompyuta kwa waya wa mtandao, na vishikwambi kwa WiFi. Haihitaji laini wala bando. Kazi yake ni kuviunganisha vifaa vyenyewe kwa vyenyewe. Usitumie mtandao wa wageni wa rauta hiyo, maana umeundwa kuvizuia vifaa visionane.

Kwa simu. Zima data, washa hotspoti, unganisha kompyuta na vishikwambi vyote kwenye simu hiyo. Simu nyingi hubeba vifaa 8 hadi 10 hivi. Zipo ambazo huvificha vifaa visionane. Ukipata ya namna hiyo badilisha simu, usipoteze siku.

Sasa tafuta anwani. Ndani ya Kolibri, kwenye sehemu ya kusimamia kifaa, pana ukurasa wa taarifa unaoonyesha anwani ya seva. Itafanana na hii: http://192.168.1.100:8080. Iandike kwenye daftari, kisha kwa chaki kubwa pembeni mwa ubao.

Kwenye kishikwambi fungua kivinjari na uandike anwani yote, kuanzia http:// hadi namba za mwisho baada ya nukta mbili. Ukiacha mwanzo, huenda kivinjari kikadhani unatafuta neno na kukimbilia intaneti ambayo haipo. Ukiacha namba za mwisho, hakuna mlango.

Ikigoma, pita kwenye ngazi hii kwa mpangilio, usiruke:

1. Je, Kolibri inafunguka kwenye kompyuta yenyewe? Kama haifunguki, tatizo si mtandao. Iwashe programu.
2. Je, kompyuta na kishikwambi viko kwenye rauta au hotspoti moja? Vishikwambi hupenda kurukia mtandao wa ofisini bila kukuambia.
3. Je, data ya kishikwambi imezimwa? Android ikiona WiFi haina intaneti huhamia kwenye laini kimyakimya. Zima data, na ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali.
4. Je, fayawoli ya Windows (ulinzi unaozuia vifaa vingine kuingia kwenye kompyuta) imeizuia Kolibri? Siku ya kwanza Windows huuliza kama iruhusu. Wengi hubonyeza kukataa kwa haraka. Nenda kwenye mipangilio ya ulinzi, iruhusu kwenye mitandao binafsi, na uhakikishe mtandao wa darasani nao umetambulishwa kuwa binafsi.
5. Je, anwani imebadilika? Rauta inaweza kuipa kompyuta namba nyingine baada ya umeme kukatika. Rudi kwenye ukurasa wa taarifa, usome upya. Ukiweza kuingia kwenye mipangilio ya rauta, iagize iipe kompyuta hiyo namba moja daima.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows: kompyuta isilale kamwe ikiwa kwenye chaji, na kufunga kifuniko kusifanye chochote. Mwalimu mmoja alikuwa kila akiingia darasani anafunika kompyuta ili wanafunzi wasiguse vitufe. Seva inalala, vishikwambi vinakatika, naye anailaumu rauta. Tulihangaika juma zima kabla sijamwona kwa macho akiifunika.

Umeme ukikatika, kompyuta itabaki kwa betri ila rauta itazima. Unaweza kuiendesha kwa pawabenki, lakini soma kwanza lebo ya rauta. Nyingi zinataka volti 9 au 12, na pawabenki ya kawaida inatoa 5, hivyo unahitaji waya wa kupandisha volti. Hotspoti ya simu huokoa hali hiyo kwa urahisi zaidi.

Umefaulu ikiwa: vishikwambi 5 vimecheza video moja kwa wakati mmoja kwa dakika 3 bila kukwama. Vikikwama, acha video kwenye projekta na vishikwambi vibaki na mazoezi.

## Hatua ya 5: Sajili darasa na vikundi

Kwenye sehemu ya shule, fungua darasa, kwa mfano Darasa la 4 Mkondo B. Unaweza kusajili wanafunzi mmoja mmoja, au wote pamoja kwa faili la CSV lililotoka kwenye Excel.

Kwa wanafunzi 80 na vishikwambi 6, nashauri usisajili watu, sajili vikundi: Simba, Twiga, Pundamilia na kadhalika. Kila kikundi kina jina moja la kuingilia na kishikwambi kimoja. Utapoteza ripoti ya mtoto mmoja mmoja, ni kweli. Utapata kipindi kinachoanza kwa wakati.

Kisha tengeneza somo: chagua video na zoezi ulilokwisha kulikagua, lipe jina sawa na la andalio lako, lielekeze kwa darasa hilo. Wanafunzi wakiingia watakuta hilo mbele. Usipofanya hivyo watatangatanga ndani ya maktaba, na Pundamilia utawakuta wanasoma hadithi ya sungura.

## Hatua ya 6: Mazoezi bila wanafunzi

Jana yake, baada ya saa za masomo, ingia kwenye chumba chenyewe na vifaa vyote. Si ofisini, ni chumba kilekile.

Unganisha projekta. Picha isipotokea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kunakili skrini. Jaribu saa ileile ya kipindi kama unaweza, kwa sababu jua la saa 4 si jua la saa 10. Madirisha yasiyo na pazia yazibwe kwa vitenge, na shuka litundikwe ukutani upande usiopigwa na mwanga. Kaa kwenye dawati la mwisho. Kama wewe husomi maandishi, mtoto naye hasomi.

Projekta ikae mbali na ubao. Vumbi la chaki huingia kwenye matundu ya feni na kuifanya ipate moto. Zenye balbu ya kawaida zizimwe kwa kitufe na kuachwa zipoe hadi feni isimame, ndipo uchomoe waya.

Umefaulu ikiwa: tangu umeingia mlangoni hadi picha kutokea hazijapita dakika 8. Zikizidi, wapange wanafunzi wawili wa zamu, wafundishe kuunganisha, nao watakushinda kasi ndani ya wiki moja.

## Hatua ya 7: Kipindi chenyewe

Dakika 40 nazigawa hivi, na nimejifunza kwa kuchoma vipindi kadhaa.

Dakika 5 za kwanza, skrini ikiwa imezimwa. Uliza: chapati moja wakigawana watu 4, na nyingine kama hiyo wakigawana 8, nani anapata kipande kikubwa? Waandike jibu kwenye daftari. Wakishajifunga kwa jibu, watakuwa na sababu ya kutazama.

Dakika 8 za skrini. Onyesha jaribio au video kwa vipande vifupi. Simamisha kabla jibu halijaonekana, uliza kitatokea nini, kisha endelea. Video ya dakika 8 mfululizo gizani huwapeleka walio nyuma usingizini, hasa kipindi cha baada ya uji.

Dakika 15 za vikundi. Vishikwambi vyenye zoezi kwa vikundi 6. Waliobaki wanafanya maswali yaleyale ubaoni au kwa kukata karatasi, kisha wanabadilishana. Ndani ya kikundi, anayeshika kishikwambi haruhusiwi kujibu. Wengine wanamwelekeza. Bila sheria hiyo mtoto mmoja anafanya kazi, watano wanatazama.

Dakika 7 za kupiga kura kwa vidole. Weka swali la kuchagua kwenye skrini. Kidole 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, na vidole vinawekwa kifuani ili jirani asione. Kwa sekunde 10 umesoma darasa zima, bila kifaa hata kimoja cha ziada.

Dakika 5 za mwisho ni za kuandika kwenye daftari na kukusanya vishikwambi, kwa kuvihesabu.

Onyo: kitu kikigoma, jipe dakika 3 tu. Baada ya hapo rudi kwenye ubao na karatasi za kukata ulizoandaa. Usirekebishe rauta mbele ya watoto 80.

Umefaulu ikiwa: kura ya vidole ya mwisho ni tofauti na majibu yaliyoandikwa mwanzoni. Baadaye fungua sehemu ya mwalimu kwenye Kolibri. Ikiwa ulitumia jaribio la maswali, kuna ukurasa unaoonyesha maswali yaliyowashinda wengi. Hayo ndiyo mwanzo wa kipindi kinachofuata.

## Hatua ya 8: Wafundishe wenzako kwa mikono yao

Mafunzo mengi ya TEHAMA yanaendeshwa kwa mwezeshaji kusimama mbele na kubonyeza, huku walimu 40 wakinakili. Wakirudi shuleni hawawezi hata kufungua.

Tumia Jumuiya ya Kujifunza ya shule yako, ile ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambayo ratiba yake tayari ipo. Kila kikao jambo moja, saa moja. Kikao cha kwanza kuunganisha projekta. Cha pili kutafuta anwani na kuingia kwa kishikwambi. Cha tatu kutengeneza somo moja la kesho yake.

Kwenye kila kikao mwezeshaji aweke mikono nyuma. Kweli, nyuma. Mwalimu akikwama, mwulize anaona nini kwenye skrini, usimchukulie kipanya. Walimu wazee hupata shida zaidi na aibu kuliko na kompyuta. Wakae wawili wawili na rika lao, wasichanganywe na kijana aliyetoka chuo juzi.

Kisha haribu kwa makusudi. Washa data ya kishikwambi, badilisha WiFi, funika kompyuta, chomoa HDMI. Waachie ile ngazi ya maswali 5 ya Hatua ya 4, iliyobandikwa ukutani, wasuluhishe wenyewe.

Umefaulu ikiwa: umekuwa safarini siku mbili, somo limeendeshwa, na kwenye daftari umekuta mwandiko usio wako: tarehe, hitilafu iliyotokea, na namna walivyoitatua.